Anayeita Kilomita ya Ishirini na Saba

Sehemu ya Sita

Tuliachana Corinne akiwa kwenye kaunta ya duka la Shangazi Velma, mtoto kamfunga kifuani, mkononi kashika redio kuukuu iliyochubuka rangi, na ndani ya redio hiyo mumewe anaongea.

Mumewe, Leland, aliyezikwa kabla mtoto hajazaliwa.

"Ishirini na saba. Nimebeba. Nashuka."

Maneno hayo tu, halafu mkwaruzo.

Shangazi Velma alinyoosha mkono juu ya kaunta, akaichukua redio, akaizima.

"Umemsikia?" Corinne aliuliza.

"Nimesikia mkwaruzo."

"Shangazi."

"Nimesikia mkwaruzo, mwanangu, na wewe umesikia mkwaruzo. Sasa tuongee biashara, maana saa haikusubiri wewe."

Saa haikuwa inamsubiri kweli. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Miezi yote ile ya darasa la jioni, akijifunza kufunga majeraha na kumrudishia mtu pumzi huku mtoto wake Tessa kalala kwenye kikapu chini ya dawati, ilikuwa kwa ajili ya siku hii. Mhudumu wa huduma ya kwanza, kambi ya wakata magogo, kilomita ya hamsini, Barabara ya Kinnick. Saa sita mchana awe amefika. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Njiani amwache mtoto kwa mama mkwe, kilomita ya thelathini na moja.

Na getini hawamruhusu mtu apande na gari dogo kama hana cha kusikilizia malori.

Barabara ni nyembamba, malori ni mapana. Kila dereva huiita kilomita yake redioni kadiri anavyokwenda. Anayepanda ni mtupu, anayeshuka amebeba. Wewe wa gari dogo huna kibali cha kusema, una kibali cha kusikia tu, na kazi hiyo inafanywa na skana, redio ya mkononi yenye masikio lakini haina mdomo. Ukisikia aliyebeba anakuja, unatafuta pa kujibanza umpishe. Usiposikia, tunakuletea maua.

Shangazi Velma alizipanga skana mbili mbele yake. Ile kuukuu akaisukuma pembeni, karibu na sanduku la chambo.

"Hii," alisema, akigonga ya kwanza, nyeusi, mpya kabisa, kioo kama simu, "inanasa polisi wa mjini, zimamoto, ndege, hata meli kama una meli. Mpwa wangu alinunua kama hii majira ya joto. Mpaka leo anatafuta pa kuongezea sauti."

Corinne hakucheka.

"Ukiwa unaendesha utaibonyeza na nini, na pua? Iache. Chukua hii." Ya pili ilikuwa nene, mbaya kwa sura, vitufe vikubwa vya njano. "Haina uzuri. Lakini inakula betri za kawaida, hizi za tochi, zinapatikana popote. Vitufe unavipapasa na glavu bila kuangalia. Na spika yake inapiga kelele kama mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu mpole."

"Hujamkosea bado."

Hapo Corinne alitabasamu kidogo, na Shangazi Velma, ambaye mji mzima tunamwita shangazi hata tusiomhusu, alipoona tabasamu akaukamata mkono wake.

"Nisikilize hapa, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Usivae vile vidude vya sikioni. Masikio yako ni ya barabara na ya mtoto. Antena ibandike juu ya paa, nitakupa yenye sumaku, kwa sababu bati la gari linameza mawimbi. Halafu kubwa kuliko yote. Skana kwa tabia yake inazunguka. Inaonja chaneli hii, inaonja ile, inaruka kwingine. Mjini ni raha, unapata umbea wa kila mtaa. Huku inakuua. Wakati inaonja ugomvi wa wavuvi, lori limeita kwenye chaneli ya barabara na wewe hukuwepo. Ukifika getini soma namba ya chaneli kwenye kibao, iweke, halafu ifunge hapo. Isizunguke."

"Isizunguke. Nimeelewa. Na ile?"

"Ipi?"

"Shangazi, unajua ipi."

"Ile haiuzwi. Imeharibika. Haikubali kufungwa popote, inazunguka mpaka inapotaka yenyewe."

"Nani alikuletea?"

"Mtu aliyechoka nayo."

"Nani?"

"Ngoja nikuletee antena," Shangazi Velma alisema, akageuka kwenda stoo.

Corinne akafanya jambo ambalo utamlaumu, msomaji, na mimi sikuzuii. Alinyoosha mkono, akaichukua redio kuukuu, akaizamisha kwenye mfuko wa nepi chini ya blanketi.

Alilipia ile ya vitufe vya njano. Akaishika antena. Alikuwa amekwisha kufungua mlango, ubaridi wa Oktoba unampiga usoni, aliposikia jina lake.

"Corinne."

"Bee, Shangazi."

"Kilichomo kwenye mfuko wa mtoto, usikiwashe ukiwa unaendesha."

Masikio ya Corinne yalipata moto. "Nitakirudisha."

"Sijasema urudishe. Nimesema usikiwashe."

Alikiwasha kilomita ya kumi na tisa.

Mpaka hapo alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Alisoma kibao cha getini, akaiweka chaneli ya barabara, akaifunga. Skana ya njano ilining'inia kwenye kioo cha kati, ikiongea wazi kabisa. "Kumi na nne, mtupu, napanda." "Arobaini na moja, nimebeba, nashuka." Alimsikia aliyebeba akija, akajibanza, lori likapita na magogo yake yanayonukia utomvu, dereva akainua vidole viwili. Mara tatu alifanya hivyo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara, lakini kwa masikio aliona mbali.

Angeendelea hivyo angekuwa kambini saa tano na robo, na mimi ningekuwa sina hadithi.

Lakini mfuko wa nepi ulikuwa pale kwenye kiti cha pembeni. Na ndani ya mfuko kulikuwa na sauti aliyoikosa mpaka ikafika mahali anawapigia simu watu wenye kikohozi kama cha Leland, wakohoe tu, asikie.

Akaingiza mkono. Akapapasa. Akawasha.

Mkwaruzo. Mwindaji anamtafuta mbwa wake. Mkwaruzo. Wanawake wawili wanabishana kuhusu harusi. Halafu, karibu kama aliyekaa pale kitini:

"Ishirini na saba. Nimebeba. Nashuka."

"Leland," Corinne alisema.

Redio mbili zikiongea pamoja husikii yoyote. Akaipunguza ile ya njano, kidogo. Halafu kidogo tena.

"Leland, tuna meno mawili," alisema. "Ya chini. Ananing'ata. Na nimefaulu mtihani, wa pili darasa zima. Ningekuwa wa kwanza, ila nilimfunga mgonjwa bandeji mguu usiouma."

"Ishirini na saba. Nimebeba. Nashuka."

Haikumjibu. Ilirudia vile vile, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyokwisha kuhama. Lakini Corinne hakutaka jibu, alitaka iendelee tu. Kilomita ya ishirini na mbili ikapita. Ya ishirini na nne ikapita. Alikuwa analia bila kujua, anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine upo ndani ya mfuko.

Tessa ndiye aliyemwokoa. Aliamka nyuma, akaona ukungu pande zote, akapiga yowe lile la mtoto aliyekosewa na dunia nzima.

Corinne akashtuka. Akaizima redio kuukuu, akaikamata ya njano, akaipandisha sauti mpaka mwisho.

"Ishirini na nane, nimebeba, nashuka."

Hii haikuwa sauti ya marehemu. Ilikuwa ya mtu mzima aliye hai, amechoka, ana mafua. Na kibao kilichokuwa kinakuja mbele ya gari kiliandikwa ishirini na sita.

Kilomita mbili. Kushoto palikuwa na kijisehemu cha kupishana. Corinne akakata usukani, akaingia, akasimama.

Sasa ilikuwa kungoja tu. Aliyebeba ataita ishirini na saba, halafu atapita, halafu njia ni yake.

Akangoja. Hakuna aliyeita ishirini na saba.

Akangoja tena. Redio kimya.

Amesimama juu huko, alifikiri. Ameharibikiwa. Au amepita huku mtoto akilia na mimi sikuona kwa ukungu. Akaitazama saa. Akaachia breki, pua ya gari ikaanza kuchungulia barabarani.

Ukungu ukapasuka.

Lori lilitokea pale pale, bila taarifa, honi inalia, magogo yamejaa mpaka mbinguni. Corinne akakanyaga breki. Kitu kikapasuka kwa kishindo, gari dogo likatikisika lote, na kioo cha pembeni cha kulia hakikuwepo tena.

Kisha kukawa kimya, isipokuwa Tessa.

Lori lilisimama mbali chini. Mwanamume wa makamo mwenye kilemba cha bluu na koti la rangi ya machungwa alipanda akikimbia, anahema, anatukana kwa Kipunjabi mpaka alipoona kiti cha mtoto. Hapo matusi yakamkauka.

"Shemeji?" alisema. "Shemeji Corinne, ni wewe?"

Alikuwa Balkar. Aliyefanya kazi na Leland tangu wote wawili hawana mvi, aliyebeba jeneza upande wa mbele.

"Kwa nini hukuita?" Corinne aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilimtisha Balkar kuliko kelele.

"Niliita."

"Uliita ishirini na nane. Nimekusikia. Kisha ukanyamaza."

Balkar alitazama viatu vyake. "Ishirini na saba hatuiti, shemeji."

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi sote. Tangu Leland. Nilikuwa nyuma yake siku ile. Aliita ishirini na saba, nimebeba, nashuka, na lile ndilo neno lake la mwisho. Mbele yake likaja gari la wawindaji lisilo na redio, pale kwenye mwamba pasipo na pa kujibanza, akalikwepa, akaenda mtoni. Nani ataiita tena? Tukifika pale tunanyamaza, tunampa heshima yake. Tunaita tukishafika ishirini na sita. Hakuna aliyetuambia, ilitokea tu."

Corinne alimtoa Tessa kitini, akamweka begani, akawa anampigapiga mgongo.

"Balkar. Mimi sina cha kuitia. Nina cha kusikilizia tu. Ukinyamaza, kwangu hupo."

"Najua."

"Hujui. Ningekuwa pale kwenye mwamba sasa hivi na mtoto wake. Mnampa heshima yake na mtoto wake yuko chini ya magogo."

Balkar akaenda kwenye lori, akarudi na chupa ya chai. Akamimina kwenye kifuniko, iliki inanukia. Corinne akanywa. Ilikuwa tamu mno na aliimaliza.

"Kuna kitu kingine," alisema, akaingiza mkono kwenye mfuko, akaitoa redio kuukuu.

Balkar akarudi nyuma hatua moja, kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Nilimwambia Velma asimuuzie mtu."

"Wewe ndiye uliyempelekea?"

"Niliiokota kwenye mawe, mtoni, wakati tunamtoa. Ilikuwa yake, alipenda kusikiliza umbea wa wavuvi njiani. Nikasema nitakuletea. Kisha ikaanza." Alijipangusa pua kwa mkono wa koti. "Mwaka mzima, shemeji. Mke wangu alifikiri nina mwanamke, kwa jinsi nilivyokuwa nakaa kwenye lori uani na kuisikiliza. Akaja kunifumania. Akanikuta nalia na redio. Alisema afadhali angenikuta na mwanamke."

Corinne akacheka. Hakutegemea kucheka, na Balkar naye hakutegemea, wakacheka wote wawili pale ukunguni huku macho yao yamelowa.

"Ichukue," Corinne alisema. "Nikiwa nayo nitaiwasha. Najijua."

"Nami je?"

"Wewe una mke atakayekufumania."

Balkar akaichukua kwa vidole viwili, akaitia mfukoni. "Rudi mjini, shemeji. Leo siyo siku."

"Leo ndiyo siku. Saa sita wananingoja kambini." Akamfunga Tessa kitini, mkanda kwa mkanda. "Nataka kitu kimoja kwako. Niitie. Kadiria mwendo wangu, nikifika ishirini na saba, iite."

"Usiniombe hilo."

"Nakuomba hilo."

Balkar aliangalia juu, kule barabara inakoingia kwenye ukungu. Kisha akashuka kwenda kwenye lori lake, na dakika chache baadaye skana ya njano ikafunguka.

"Wote wa Kinnick, Balkar hapa. Kuna gari dogo linapanda, jeupe, lina mtoto. Linasikia, halisemi. Nitaliitia mimi. Waliobeba semeni mlipo."

Kisha wakaanza, mmoja mmoja.

"Thelathini na tatu, nimebeba. Nimejibanza."

"Thelathini na tisa, nimebeba, nimejibanza. Ni Corinne huyo? Mwambieni karibu kazini, nina kidole kinaniuma tangu Jumatatu."

"Arobaini na nne, nimebeba, nimejibanza. Usimguse huyo wa kidole, dada, ni mzushi."

"Thelathini na tatu," Balkar alisema, "wewe ndiye wa chini kabisa? Hakuna mwingine chini yako?"

"Ni mimi. Kutoka hapa mpaka kwako njia ni nyeupe."

Corinne akatia gia. Alikaa barabarani vizuri, taratibu, mikono miwili kwenye usukani. Kibao kikatokea ukunguni, mbao zake zimeota kuvu kwa kukosa wa kukitazama. Ishirini na saba.

Redioni alimsikia Balkar akivuta pumzi.

"Ishirini na saba," Balkar alisema. Sauti ilikatika, akaikohoa, akaianza upya. "Ishirini na saba. Gari dogo. Linapanda."

Na hakuna kilichotokea. Mbingu haikuanguka. Dereva mmoja akasema, "Sawa, Balkar," na mwingine akasema, "Ilikuwa wakati," na Corinne akahisi kifua kinafunguka, kitu kilichokuwa kimekaa juu yake tangu mazishi kimesogea kidogo, kikampa nafasi ya kupumua. Kulia kwake mwamba umepanda wima. Kushoto kwake maji yananguruma. Kilomita hii moja tu ya mwamba, alijiambia. Moja, kisha nyanya yake Tessa, kisha kazi.

"Ishirini na nane. Nimebeba. Nashuka."

Corinne aliitazama skana ya njano. Chaneli ilikuwa ile ile ya barabara. Ilikuwa imefungwa hapo hapo. Redio kuukuu ilikuwa chini huko, mfukoni mwa Balkar.

Na sauti ile ya Leland haikuwa imesema ishirini na saba. Ilikuwa imesema ishirini na nane.

"Nani huyo?" dereva wa thelathini na tatu aliuliza. "Balkar, nani huyo? Hapa kwangu hajapita mtu."

Balkar alinong'ona kama yuko msibani.

"Shemeji. Hiyo nimeisikia mimi pia. Toka barabarani."

Mwamba huku, maji huku. Corinne alikanyaga breki, gari likasimama katikati. Mbele, ndani ya ukungu, palikuwa na weupe, kisha weupe ukagawanyika ukawa taa mbili, na nyuma ya taa akasikia breki ya injini ikikoroma, lori zito likijizuia kwenye mteremko. Nyuma kitini Tessa alianza kurusha mikono kama anavyofanya mtu anayemjua akiingia mlangoni.

Skana ikafunguka tena, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe, Leland akamsemesha Corinne.

"Gari dogo. Nimekuona. Usisogee."